SOMO LA AFYA: KICHOMI CHA UBAVU
Lini upumzike, lini uende kituo cha afya



Umeanza kukimbia asubuhi, na kabla hujamaliza kilima cha kwanza kitu kama sindano kinakuchoma chini ya mbavu. Unasimama, unashika ubavu, unashindwa kuvuta pumzi vizuri. Je, ni jambo la kupita, au ni ugonjwa?

Watu hukosea kwa njia mbili. Wengine huacha mazoezi kabisa, wakidhani moyo wao umeharibika, kumbe hawana ugonjwa wowote. Wengine wana ugonjwa wa kweli kifuani, lakini husema "ni kichomi tu" mpaka siku wanapobebwa. Somo hili ni kwa ajili ya wote hao. Linawahusu pia wasiokimbia: anayepanda na ndoo ya maji kichwani, anayebeba mizigo sokoni, anayelima siku ya umuganda, na mtoto anayecheza mpira baada ya shule.

1. NENO MOJA, MAUMIVU MENGI

Neno letu "kichomi" lina mzigo mkubwa. Mkimbiaji huliita hivyo lile choma la ubavuni. Mama mwenye mtoto anayekohoa na kupumua kwa shida naye husema mtoto ana kichomi, akimaanisha homa ya mapafu, yaani nimonia. Na mzee anayebanwa kifua akipanda ngazi anaweza kusema neno hilo hilo.

Kwa hiyo ukifika kwa muuguzi ukasema "nina kichomi" ukanyamaza, hujamweleza jambo. Jifunze kujibu maswali matatu:

Swali la kwanza: Maumivu yako WAPI?
Swali la pili: Yanaisha LINI?
Swali la tatu: Yamekuja na NINI kingine?

Tutayarudia maswali haya katika somo lote.

2. KICHOMI CHA MBIO NI NINI?

Kichomi cha mbio ni maumivu yanayoshika upande mmoja wa tumbo, chini kidogo ya mbavu, wakati mwili unatikisika kwa mazoezi. Mara nyingi ni upande wa kulia, lakini huweza kushika kushoto pia. Kikiwa kikali huchoma. Kikiwa chepesi huvuta au kubana kama mkakamao wa msuli. Baadhi ya watu husikia na maumivu kwenye ncha ya bega, upande ule ule.

Ni jambo la kawaida sana. Watafiti wa Australia, Morton na Callister, waliwauliza wanamichezo wa michezo 6 tofauti na kutoa matokeo yao mwaka 2000. Kati ya wakimbiaji, karibu 7 katika kila 10 walisema kiliwapata katika mwaka uliotangulia. Waogeleaji walikuwa zaidi kidogo ya hapo. Waendesha baiskeli walikuwa karibu 3 tu katika kila 10. Vijana hupatwa zaidi kuliko watu wazima. Wenye mazoezi ya miaka mingi nao hupatwa, ingawa si mara kwa mara kama wanaoanza. Basi kikikushika, usijihesabu mgonjwa wala mvivu.

Tujibu maswali yetu matatu. Wapi? Ubavuni, chini ya mbavu. Kinaisha lini? Ukipunguza mwendo au ukisimama, choma kali hupungua ndani ya dakika chache. Ubavu unaweza kubaki na uchungu mdogo mpaka kesho yake, lakini hauzidi kuuma. Kimekuja na nini? Hakuna. Hakuna homa, hakuna kikohozi, hakuna kizunguzungu, na pumzi inarudi kama kawaida.

3. KWA NINI KINATOKEA?

Zamani watu waliilaumu bandama, ambayo wengine huiita wengu. Hata Warumi wa kale, miaka karibu 2,000 iliyopita, waliamini kwamba bandama humzuia mkimbiaji, na wakawapa wakimbiaji dawa za majani za kuipunguza.

Baadaye wataalamu walisema kosa ni la kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kutusaidia kupumua. Walidhani kiwambo hukosa damu ya kutosha mtu anapohema kwa nguvu. Lakini wapanda farasi nao hupatwa sana na kichomi, na wao hawahemi kama mkimbiaji. Wanachofanana naye ni kutikisika. Ndiyo maana maelezo hayo hayatoshi.

Siku hizi wataalamu wengi wanautazama utando laini unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Utando huo una mishipa mingi ya fahamu. Tumbo likiwa limejaa na mwili unarukaruka, utando husuguliwa na kuudhika. Sehemu yake iliyo chini ya kiwambo hutumia mshipa wa fahamu unaohusiana na bega, na hiyo ndiyo sababu bega huuma pamoja na ubavu. Wengine wanataja pia kano zinazoshikilia ini na tumbo, ambazo huvutwa kila mguu unapokanyaga chini. Mjadala haujafungwa, lakini mambo yanayoleta kichomi yanajulikana vizuri: kula sana kabla ya mazoezi, kunywa kwa wingi kwa mara moja, na hasa kunywa vinywaji vyenye sukari nyingi kama soda na maji ya matunda yaliyotiwa sukari. Mgongo uliopinda nao huongeza tatizo.

4. KIKIKUSHIKA, FANYA HIVI

a) Punguza mwendo, utembee. Kikiwa kikali, simama.
b) Inama mbele kidogo na ubonyeze mahali panapouma kwa vidole.
c) Vuta pumzi ndefu taratibu, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobana, kama unayepuliza moto wa mkaa bila kutaka majivu yaruke.
d) Kama una mkanda au kitambaa, kaza kiunoni. Watafiti wa New Zealand, Plunkett na Hopkins, walijaribu mambo haya kwa wakimbiaji mwaka 1999. Kuinama, kukaza mkanda na kupumua kwa midomo iliyobana kulisaidia.
e) Maumivu yakiisha, endelea polepole. Yakirudi kwa nguvu, pumzika kwa siku hiyo.

Usimchanje mtu chale ubavuni wala kumuunguza kwa chuma cha moto. Chale hazifikii mahali panapouma. Zinaingiza vijidudu, na wembe uliotumiwa na wengi unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

5. JINSI YA KUKIZUIA

Ukila chakula kizito, kama ugali na maharage, ngojea angalau saa 2 kabla ya kukimbia. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, si lita moja nje ya uwanja. Soda iache mpaka baada ya mchezo. Anza kwa kutembea haraka dakika 10, ndipo ukimbie. Nyoosha mgongo. Ongeza umbali wiki kwa wiki, si kwa siku moja.

Kwa anayeishi Kigali kuna jambo la ziada. Mji huu umejengwa juu ya vilima, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Uvira au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, amezoea takriban mita 800. Siku za kwanza atahema zaidi kwenye miinuko ya Nyamirambo au Kimihurura. Anza kwenye barabara tambarare, kisha uendee vilima.

Mahali pazuri pa kuanzia ni siku ya mji bila magari. Kigali iliianzisha mwaka 2016, na baadaye ikawa mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili. Barabara kadhaa hufungwa asubuhi, watu hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli bila malipo, na wahudumu wa afya hupima presha na sukari. Kama una zaidi ya miaka 40 na hujawahi kupimwa presha, pima kwanza, ndipo ukimbie.

6. MAUMIVU MENGINE YASIYO YA HATARI

Choma la ghafla la kifua. Kijana amekaa kimya, mara kifua cha kushoto kinachoma kama sindano, mahali padogo panapofunikwa kwa kidole kimoja. Akivuta pumzi, linazidi. Baada ya sekunde chache au dakika chache limeisha kabisa. Jambo hili huwapata sana watoto wakubwa na vijana, na halitoki moyoni.

Mbavu zenye uchungu. Baada ya kubeba mizigo, kulima au kukohoa siku nyingi, mahali mbavu zinapoungana na mfupa wa katikati ya kifua huuma ukipabonyeza. Pumzisha mwili na upunguze mizigo. Hupona yenyewe baada ya siku au wiki.

Kifua cha hofu. Mtu aliyepita vita na kupoteza ndugu anaweza kubanwa kifua, moyo ukapiga mbio na mikono ikafa ganzi, hasa akikumbuka. Maumivu haya ni ya kweli, mtu hajifanyi. Yana msaada wake: mweleze mhudumu wa afya, uombe kuonana na mshauri. Lakini mara ya kwanza yanapokupata, pimwa kwanza. Usijiambie mwenyewe kwamba ni mawazo tu.

7. HIKI SI KICHOMI CHA MBIO

Soma sehemu hii polepole, na umsomee asiyejua kusoma.

MOYO. Maumivu yako katikati ya kifua, si ubavuni. Hayachomi kama sindano. Yanabana au kukandamiza, kama mtu aliyekalia kifua. Yanaweza kwenda mkono wa kushoto, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au pumzi fupi. Angalia sana: maumivu ya moyo nayo huweza kuisha ukipumzika, yakarudi ukipanda tena. Ndiyo maana swali la "lini" peke yake halitoshi, lazima uulize na "wapi". Ukibanwa katikati ya kifua kila unapopanda kilima, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama sasa hujisikii kitu.

KUZIMIA MICHEZONI. Anayezimia akiwa anakimbia, au ambaye moyo wake hupiga ovyo na macho kuingia giza, asicheze tena mpaka apimwe moyo. Vivyo hivyo kwa kijana ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla akiwa bado mdogo. Mchezaji wa Kameruni, Marc-Vivien Foé, alianguka na kufa katika mechi mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, hali ambayo hurithiwa katika ukoo.

PAFU LILILOTOBOKA. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, na pumzi inazidi kuwa fupi hata ukiwa umekaa. Huwapata zaidi vijana wa kiume warefu na wembamba, na wavutaji wa sigara. Hii ni dharura.

DAMU ILIYOGANDA. Pumzi fupi ya ghafla na maumivu ya kifua, huku mguu mmoja umevimba na unauma. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, na aliyekaa au kulala muda mrefu bila kutembea wawe macho zaidi. Hii pia ni dharura.

HOMA YA MAPAFU NA KIFUA KIKUU. Maumivu yanazidi ukivuta pumzi au ukikohoa, na kuna homa. Kikohozi kikifika wiki 2, au ukitoa damu, ukilowa jasho usiku, ukikonda, omba kupimwa makohozi. Nchini Rwanda kipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi.

BANDAMA ILIYOVIMBA. Malaria inayorudiarudia huvimbisha bandama. Utasikia uzito au maumivu juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa pigo la kiwiko au la mpira, na damu ikamwagika ndani bila kuonekana. Aliyetoka kuugua malaria asiingie uwanjani mpaka muuguzi amguse tumbo na kumruhusu. Akipigwa ubavu wa kushoto, kisha tumbo likauma, akalegea na kubadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja.

SELIMUNDU. Wengi wanaotoka Kongo wanaujua kwa jina la SS. Mwenye ugonjwa huu akipata maumivu ya kifua, hasa pamoja na homa au pumzi fupi, asingojee kesho.

8. HABARI YA FABRICE MUAMBA

Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988. Baba yake aliikimbia nchi, na mwaka 1999 mtoto akamfuata Uingereza, akiwa na miaka 11. Akawa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Tarehe 17 Machi 2012, akiwa na miaka 23, timu yake ya Bolton ilikuwa ikicheza na Tottenham jijini London. Hakuna aliyemgonga. Alianguka uwanjani, moyo umesimama. Baadaye alieleza kwamba kabla ya kuanguka alisikia kizunguzungu na kuona mtu mmoja kama wawili.

Wahudumu waliingia uwanjani mara moja, wakamkandamiza kifua bila kuacha, wakatumia mashine ya kushtua moyo. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka kusaidia. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Lakini mikono ya watu iliendelea kusukuma damu, na Muamba akapona. Hakurudi kucheza, ila yuko hai.

Habari yake ina mafundisho mawili. La kwanza: moyo hautumi kichomi sikuzote, wakati mwingine hutuma kizunguzungu tu. La pili: mwenye kuokoa si mashine peke yake, ni yule aliye karibu asiyesimama kutazama.

9. MTU AKIANGUKA UWANJANI

a) Mtikise mabega, umwite. Tazama kama anapumua.
b) Kama haitikii na hapumui, au anatweta kwa kukatakata, mtume mtu apige simu 912. Hiyo ni namba ya gari la wagonjwa Rwanda, na simu hailipiwi. Ukiwa kambini, mwingine akimbie kituo cha afya cha kambi.
c) Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Nyoosha mikono, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, kisha uache kifua kirudi juu.
d) Endelea haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine ashike nafasi yako bila kupoteza muda.
e) Usimmwagie maji, usimpe kinywaji, usimtie kitu mdomoni.

10. UNAPOENDA KITUO CHA AFYA

Kwa kawaida mwenye bima ya mutuelle huanzia kituo cha afya cha karibu, naye hupewa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya ikihitajika. Lakini kukiwa na dalili za hatari usizunguke kutafuta karatasi: piga 912 au nenda hospitali iliyo karibu.

Mweleze muuguzi hivi: "Maumivu yako hapa," ukionyesha kwa kidole au kwa kiganja. "Yalianza nikifanya hivi. Yalikaa muda huu. Yalikuja na haya." Kama Kinyarwanda chako ni kidogo, nenda na mtu anayekijua, na mkubaliane maneno kabla ya kuingia. Majibu ya maswali matatu yatamsaidia muuguzi kuliko jina lolote la ugonjwa.

11. JIPIME

Funika majibu, usome maswali na jirani yako.

Swali A. Kijana wa miaka 16 alikunywa chupa nzima ya soda, akaingia uwanjani. Dakika ya 10 ubavu wa kulia ukamchoma. Alitembea, ukapoa.

Swali B. Mama wa miaka 52 akipanda kilima na ndoo ya maji husikia uzito katikati ya kifua. Akikaa, unaisha. Imekuwa hivyo wiki 2.

Swali C. Kijana mrefu mwembamba alishikwa ghafla na maumivu makali kifua cha kushoto. Amekaa nusu saa, pumzi bado inapungua.

Swali D. Mtoto wa miaka 12 alimaliza dawa ya malaria juzi. Anataka kucheza mpira, lakini chini ya mbavu za kushoto panauma.

Majibu:
A. Ni kichomi cha mbio. Aendelee na michezo, aache soda kabla ya mchezo.
B. Si kichomi. Huenda ni moyo. Aende kituoni leo, na ndoo ibebwe na mwingine.
C. Huenda pafu limetoboka. Piga 912 sasa.
D. Huenda ni bandama. Asicheze. Apelekwe kwa muuguzi aguswe tumbo.

KUMBUKA: Ubavuni, kinaisha ukipumzika, na hakina mwenzake: hicho ni kichomi cha mbio, usikiogope. Jibu moja likiwa tofauti, usiliite kichomi. Nenda ukapimwe.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii.